Mbao Mbili na Kamba ya Dirisha



Kila nizungumzapo juu ya skii za majini, yaani mchezo wa kuteleza juu ya maji huku ukivutwa na motaboti, jibu nipatalo ni lile lile: "Huo ni mchezo wa matajiri." Sikatai kwamba motaboti na petroli ni ghali. Hata hivyo, historia ya mchezo wenyewe ina mengi ya kumfunza kijana mwenye mfuko mwepesi.

Mwaka 1922, katika mji mdogo wa Lake City, jimbo la Minnesota, Marekani, kijana wa miaka 18 aitwaye Ralph Samuelson alitaka kuteleza majini kama watu watelezavyo juu ya theluji. Hapo kwao pana Ziwa Pepin, ambalo ni sehemu pana ya mto Mississippi. Kwanza alijaribu mbao za pipa, akazama. Akajaribu skii za theluji, nazo hazikufaa, maana ni nyembamba mno. Ndipo akanunua mbao mbili za msonobari, kila moja futi 8 kwa urefu na inchi 9 kwa upana. Ncha zake alizichemsha katika chombo cha shaba cha mama yake, akazipinda na kuzibana hata zikakauka. Mikanda ya ngozi ilishika miguu. Kamba ya madirisha ilikuwa ya kuvutia, na pete ya chuma ilikuwa mshikio. Ndugu yake, Ben, aliendesha mashua.

Alianguka mara nyingi. Tarehe 2 Julai 1922 aliegemea nyuma, akaziinua ncha za mbao juu ya maji, na mara akasimama. Mwaka 1925 aliruka kutoka jukwaa la mteremko lililopakwa mafuta.

Samuelson hakuuandikisha uvumbuzi wake serikalini. Fred Waller aliandikisha skii zake mwaka 1925, na kwa miaka mingi yule kijana wa Lake City alisahauliwa. Mwaka 1966 ndipo chama cha mchezo huo cha Marekani kilipomtambua rasmi kuwa wa kwanza. Alifariki mwaka 1977.

Mimi naona siri yake ni moja: alijua kazi ya kila kifaa kabla ya kuuliza bei. Basi na tuutumie mwendo huo kwa skii za madoido, ambazo vijana wengi huzitamani. Skii hizo ni fupi na pana, na chini hazina pezi, ili mchezaji aweze kugeuka ubavu na hata kwenda kinyumenyume. Katika mashindano hupewa zamu mbili za sekunde 20 kila moja aonyeshe ufundi wake.

Anayeanza hana haja ya skii mpya za mabingwa. Zilizokwisha tumika zafaa kabisa, mradi ubao usiwe na ufa, upande wa chini uwe laini, na mipira ya kushikia miguu isiwe imechanika. Mwendo wa mashua katika madoido ni mdogo, kwa hiyo hata motaboti isiyo na nguvu nyingi yaweza kutosha.

Yapo mawili yasiyopunguziwa fedha. La kwanza ni jaketi la kuelea linalokubana vizuri mwilini. La pili ni kamba imara isiyonyumbuka, kwani kamba ivutikayo humtupa mtu anapogeuka. Na asithubutu mtu kuifunga kamba mguuni pasipo kifyatuo, na mwenzake ndani ya mashua wa kukifyatua mara tu aangukapo. Hapo fedha kidogo iliyookolewa yaweza kugharimu mguu, au uhai.

Enyi vijana wa karakana, randa na msumeno mnavyo. Jifunzeni kwanza kifaa hufanya nini, bei itafuata.