Chama Kilichoenea Nchi Arobaini: Kilichodumu na Kilichopotea



Kila mwaka hesabu za chama zinaposomwa, huzuka swali lile lile: je, fedha za msiba na za ugonjwa zikae tu benki, au zitolewe zikanunue basi ama hisa, ili zizae? Matawi ya mbali nayo huuliza lao: kwa nini sehemu ya ada yetu iende makao makuu? Maswali haya si mageni duniani. Yaliwahi kukikabili chama cha watu weusi kilichoenea kuliko vyote vya namna yake, na majibu yalipatikana kwa hasara kubwa. Kwa hiyo yafaa tuisome historia yake.

Chama hicho kiliitwa Universal Negro Improvement Association, yaani Chama cha Kuwaendeleza Watu Weusi Ulimwenguni. Kilianzishwa Kingston, katika kisiwa cha Jamaica, mwezi wa Julai 1914, na Marcus Garvey, fundi wa kupiga chapa, pamoja na Amy Ashwood, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Mwaka 1916 Garvey alivuka bahari kwenda New York, na huko, katika mtaa wa Harlem, ndiko chama kilikoota mizizi. Mtaa ule ulijaa watu weusi waliohama mashamba ya kusini mwa Marekani, na wengine waliotoka visiwa vya Karibi. Walikuwa wageni mjini, hawana ukoo karibu wa kuwauguza wala wa kuwazika. Mzee yeyote ajuaye jinsi vyama vyetu vilivyozaliwa mijini, Nairobi na Mombasa, ataelewa mara moja kwa nini watu wale walijiandikisha.

Mambo matatu yalikieneza chama. La kwanza ni kanuni nyepesi. Watu saba tu waliweza kuomba hati ya kufungua tawi. Kila mwanachama alilipa senti 35 za Marekani kwa mwezi. 25 zilibaki katika tawi lake, na 10 zikapelekwa makao makuu. Aliyeugua alitazamwa, na aliyefariki alisaidiwa mazishi. La pili ni gazeti. Negro World lilianza kutolewa kila juma mwaka 1918, na baadaye likawa na kurasa za Kihispania na za Kifaransa, ili asiyejua Kiingereza asiachwe nyuma. La tatu ni mkutano mkuu. Mwezi wa Agosti 1920 wajumbe wa nchi nyingi walikutana New York mwezi mzima, wakatoa Azimio la Haki za watu weusi, na kuchagua rangi tatu za bendera yao: nyekundu, nyeusi na kijani.

Serikali nyingi za kikoloni zilipiga marufuku gazeti lile, lakini mabaharia walilibeba kwa siri. Hata kwetu lilifika. Mwandishi C. L. R. James aliandika kwamba Mzee Jomo Kenyatta alimsimulia jinsi mwaka 1921 watu wa Kenya wasiojua kusoma walivyomzunguka msomaji mmoja, wakasomewa makala mara mbili au tatu hadi wakaishika kwa moyo, kisha wakatawanyika kwenda kuisimulia kwingine. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 chama kilikuwa na matawi karibu 1,000 katika nchi kama 40. Katika Cuba pekee, miongoni mwa wafanya kazi wa mashamba ya miwa, matawi yalizidi 50.

Lakini mwaka 1919, chama kikiwa bado kichanga, viongozi walianzisha kampuni ya meli, Black Star Line. Nia ilikuwa njema: watu weusi wafanye biashara wao kwa wao, baina ya Amerika, Karibi na Afrika. Hisa moja iliuzwa kwa dola 5, nayo iliuzwa katika mikutano ile ile ya chama na kutangazwa katika gazeti lile lile. Kwa sheria, kampuni na chama vilikuwa vitu viwili. Bali kwa mwanachama wa kawaida, mkono uliopokea ada ndio uliopokea fedha za hisa.

Meli ya kwanza, Yarmouth, ilinunuliwa kwa dola 165,000. Ilikuwa imeundwa mwaka 1887, ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 30. Matengenezo yake yalikula mapato yote na kuzidi. Mwaka 1921 iliuzwa kama chuma chakavu kwa dola 1,625 tu. Mwaka 1922 kampuni ikasimama. Garvey alishtakiwa kwamba alitumia posta kuuza hisa kwa udanganyifu, akahukumiwa mwaka 1923 kifungo cha miaka mitano, akaingia gerezani Atlanta mwaka 1925, na mwishoni mwa 1927 akafukuzwa Marekani. Wengi walishikilia kwamba serikali ilimwinda kwa ajili ya siasa zake, na mwezi wa Januari 2025 Rais Biden alimpa msamaha, miaka 84 baada ya kufa kwake. Lakini msamaha huo haukumrudishia mjane yeyote dola zake tano.

Baada ya hayo kukawa na ugomvi wa makao makuu. Mwaka 1929 Garvey aliitisha mkutano Kingston, akaachana na wenzake wa New York, na chama kikawa na vichwa viwili. Alifariki London mwezi wa Juni 1940.

Je, yote yalipotea? La, hasha. Katika mji wa Limón, nchi ya Costa Rica, wafanya kazi wa mashamba ya ndizi waliotoka Jamaica walijenga jumba lao mwaka 1922. Jumba hilo liliwafaa wao na wajukuu wao, hata lilipoteketea kwa moto mwaka 2016. Katika Belize, wauguzi wa kike wa chama, wenye alama ya Msalaba Mweusi, walianza kazi mwaka 1920 chini ya Vivian Seay. Walikwenda nyumba kwa nyumba kuwatazama wagonjwa na wazazi, wakasaidia majeruhi wa tufani kuu ya mwaka 1931, na waliendelea hata baada ya Garvey kufa. Meli zilizotangazwa dunia nzima hazikudumu miaka mitatu. Jumba na wauguzi, vilivyoshikwa na wenyeji wenyewe, vilidumu.

Tusije tukafunza somo lisilo sahihi. Historia hii haisemi kwamba makao makuu ni bure, kwani gazeti na mkutano mkuu visingalikuwako bila senti zile 10, na bila hivyo tawi la Cuba lisingalijua habari za tawi la Harlem. Wala haisemi kwamba biashara ni dhambi. Yasema kwamba fedha za kumzika mtu zisichanganywe na fedha za kujaribu bahati. Kwamba mali inunuliwayo ikaguliwe na mjuzi asiye na faida katika mauzo yake. Na kwamba kiongozi mwenye ulimi mtamu, hata awe mwaminifu, si badala ya daftari la hesabu.

Kurasa zifuatazo zina mapato na matumizi ya mwaka huu, tawi kwa tawi. Kila mwanachama na azisome, na asiyejua kusoma asomewe mara mbili au tatu, kama walivyosomewa wazee wetu mwaka 1921. Kisha, shauri la kununua gari litakapoletwa mbele ya mkutano mkuu, kila mmoja apige kura yake akijua ni fedha za nani zinazozungumzwa.