Troli, Namba na Majina Mawili ya Berlin

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Muheza kumsalimia shangazi, na huko nikakuta kigari cha chuma kimepinduka pembeni ya shamba la mkonge. Magurudumu yalikuwa juu, nyasi zimekizonga, kuku wamefanya chini yake mahali pa kutagia. Mimi ni mtu wa kusoma kila chenye herufi, hata karatasi ya kufungia maandazi, basi nikainama nikaparura kutu kwenye kasha la beringi. Yakatokea majina mawili: ORENSTEIN & KOPPEL.

"Babu, hawa ni akina nani?" nikamuuliza mzee mmoja, jirani yake shangazi, aliyekuwa akinisindikiza.

Akacheka. "Sisi tukiita troli tu, mjukuu wangu. Ya nani, nani atauliza? Sisi wenyewe hatukuwa na majina. Tulikuwa na namba."

Mzee yule alikuja Tanga kutoka Kigoma akiwa kijana, kwa mkataba, enzi za Mwingereza. Yeye na wenzake waliitwa manamba, kwa kuwa shambani walijulikana kwa namba zao. Kazi yao ilikuwa kukata majani ya mkonge, kuyafunga mafungu, kuyapakia kwenye troli na kuyasukuma mpaka korona, ile mashine inayochuna majani zikabaki nyuzi.

Niliporudi Dar nikaanza kuwatafuta wenye majina yale. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ikanichukua wiki mbili, na usingizi kidogo.

Benno Orenstein na Arthur Koppel walikuwa wafanyabiashara wawili Wayahudi wa Berlin. Mwaka 1876 walifungua kampuni ya vifaa vya reli. Sasa usifikirie reli kubwa ya abiria. Hii ilikuwa reli ndogo ya mashambani, machimboni na kwenye ujenzi. Mfaransa Decauville alikuwa ameshaonyesha njia katika miaka hiyo hiyo: unatengeneza vipande vya reli vikiwa tayari vimefungwa kwenye mataruma ya chuma, vyepesi kiasi cha watu wawili kubeba kimoja. Upana kati ya reli na reli mara nyingi ni sentimita 60. Leo unatandika hapa, ukimaliza kuvuna unang'oa unahamishia kule. Juu yake kinapita kigari chenye sanduku la umbo la V, ambalo ukiachia komeo linabinuka na kumwaga mzigo pembeni. Si lazima uwe na injini. Nyumbu anaweza kuvuta, na mtu anaweza kusukuma.

Mwaka 1885 wawili hao waligawana biashara. Orenstein akabaki na soko la Ujerumani, Koppel akachukua la nje. Orenstein akaanza pia kuunda vichwa vidogo vya treni vya mvuke, na kabla karne haijageuka akawa na kiwanda kikubwa karibu na Potsdam. Koppel alifariki 1908, na mwaka uliofuata kampuni mbili zikaungana tena. Ndipo herufi O&K zikasambaa kila penye miwa, makaa ya mawe, mbao au mkonge wa kusomba.

Ningependa kuishia hapo. Ingekuwa hadithi safi ya vijana wawili na wazo zuri. Lakini soko la nje la Koppel lilifika Namibia, wakati ule koloni la Wajerumani.

Mwaka 1903 kampuni ya Arthur Koppel ilipewa kazi ya kujenga reli ya Otavi, kutoka bandari ya Swakopmund hadi migodi ya shaba ya Tsumeb. Kilomita 567, kwa upana ule ule wa sentimita 60. Januari 1904 Waherero wakainuka kuupinga utawala wa Wajerumani. Oktoba 2 mwaka huo Jenerali Lothar von Trotha akatoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni, awe na silaha au asiwe nayo, apigwe risasi. Maelfu walisukumiwa jangwani Omaheke wakafa kwa kiu. Waliobaki walikusanywa makambini, wanaume, wanawake na watoto, na ujenzi wa reli ya Otavi ukawa mojawapo ya kazi ambazo wafungwa hao walilazimishwa kufanya. Reli ilifika Tsumeb mwaka 1906. Mwaka 1907 serikali ya koloni ikatangaza sheria ya kuwalazimisha Waafrika kuvaa vibati vyenye namba.

Nilipofika kwenye namba nikaifunga kompyuta. Nilikuwa nasikia kicheko cha yule babu.

Halafu ukurasa mwingine. Benno Orenstein alifariki 1926 na mwanawe Alfred akashika usukani. Wanazi walipoingia madarakani 1933, kampuni ya familia ya Kiyahudi ikawa nyama ya kugawana. Akina Orenstein walinyang'anywa kampuni waliyoijenga. Mwaka 1940 hata jina likafutwa. Kampuni ikaitwa Maschinenbau und Bahnbedarf, yaani ujenzi wa mashine na mahitaji ya reli. Jina lisilo na mtu ndani yake. Kiwanda kikaendelea kuunda vichwa vya treni vya kivita. Na katika kambi ya Neuengamme, karibu na Hamburg, wafungwa walisukuma vigari vya kubinua vilivyojaa udongo wa kufyatulia matofali. Nao walikuwa na namba badala ya majina.

Rafiki yangu mmoja, tulipokuwa tunakunywa chai, alinishauri niandike nusu tu. "Andika ya Namibia. Hayo mengine Wazungu wenyewe wameshayaandika mno." Mwingine akaniambia kinyume chake: ukiweka Otavi na akina Orenstein kwenye makala moja, watu watasema walilipwa kwa dhambi zao. Hofu hiyo naielewa, ndiyo maana nataka nilinyooshe. Familia ile haikunyang'anywa mali kwa sababu ya Waherero. Wanazi hawakuwa na habari na Waherero. Walinyang'anywa kwa kuwa Wayahudi, basi. Na kunyang'anywa huko hakufuti jasho na damu iliyokwisha kumwagika chini ya mataruma ya Otavi. Nimejaribu kuiondoa nusu moja, na kila nikijaribu naona kuna watu nawafuta kwa mara ya pili.

Vita ilipokwisha, Ujerumani iligawanyika na kampuni ikagawanyika nayo. Kiwanda cha karibu na Potsdam kikaangukia upande wa Mashariki, kikapewa jina la Karl Marx. Magharibi jina la O&K lilirudishwa, lakini biashara ikahamia zaidi kwenye mashine za kuchimbia udongo, na mwisho wa miaka ya 1990 ikauzwa vipande vipande. Leo hii, ukitaka kuwakuta Orenstein na Koppel, uwatafute kwenye majumba ya makumbusho, au chini ya kuku Muheza. Wanazi walibadilisha karatasi za kampuni. Kwenye beringi hawakufika.

Mwaka jana nilirudi kwa shangazi. Mzee bado yupo, macho ndiyo yamechoka. Nikamsimulia yote, polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe na wao walifutwa jina." Akanyamaza. Nikamuuliza kama anaikumbuka namba yake. Akaitaja papo hapo, kama mtoto anayeulizwa hesabu ya mbili mara mbili.

Nikamwomba sasa anitajie wale aliosukuma nao troli. Hapo alichukua muda. Alifumba macho, akahesabu kwa vidole, akakosea, akarudia. Nilikuwa sina daftari, nikaandika nyuma ya tiketi ya basi. Yalitoka majina saba. Sijayaweka hapa, kwanza nawatafuta wajukuu zao niwaombe ruhusa. Wawili nimeshawapata.