Lango la Athi River na sheria iliyomsahau fundi

Tarehe 30 Septemba 2025 muda wa AGOA, sheria ya Marekani iliyofungulia nguo za Kenya soko lisilo na ushuru, ulifika ukomo. Kwa miezi mingi kabla ya siku hiyo wenye viwanda na serikali walikuwa wakibisha hodi Washington kuomba nyongeza. Mjadala wote ulihusu soko la ng'ambo. Sheria ya hapa nyumbani, iliyovileta viwanda hivyo miaka 35 kabla, haikuguswa.

Sheria yenyewe ni Sura ya 517 ya mwaka 1990, inayosimamia maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje. Wakenya wengi wanaijua kwa herufi tatu tu, EPZ. Enzi hizo fedha za kigeni zilikuwa adimu, viwanda vilivyolindwa kwa ushuru mkubwa vilikuwa vimechoka, na wafadhili walikuwa wakishinikiza uchumi ufunguliwe. Mifano ya kuigwa ilikuwepo: Shannon kule Ireland tangu 1959, na Mauritius tangu 1970. Benki ya Dunia ikatoa mkopo, na uwanda wa Athi River ukachaguliwa kuwa eneo kuu la serikali.

Masharti yalikuwa ya ukarimu mkubwa. Kampuni ingeandikishwa Kenya kwa kazi hiyo pekee, lakini hisa zake zote zingeweza kuwa za mgeni. Kwa miaka 10 haikulipa kodi ya mapato. Kwa 10 iliyofuata ingelipa asilimia 25. Mashine, vitambaa, nyuzi na vifungo viliingia bila ushuru wa forodha wala VAT. Ushuru wa stempu ulisamehewa pia, na faida ilitoka nchini bila kizuizi.

Kwa macho ya forodha, ndani ya uzio wa EPZ ni kama nchi nyingine. Kitambaa kikishuka bandarini Mombasa hakilipiwi chochote. Kontena hufungwa lakiri, husafirishwa hadi Athi River na kupokelewa langoni na maafisa wa forodha. Shati likishashonwa hurudi baharini kwa utaratibu uleule. Mwenye kiwanda akitaka kuuza humu nchini huomba kibali, tena kwa sehemu ndogo ya mazao yake, na hulipa ushuru kama vile bidhaa imetoka ng'ambo.

Muongo wa kwanza ulipita kwa mwendo wa kobe. Bill Clinton alipotia saini AGOA mwezi Mei 2000, mambo yakageuka ghafla. Kenya iliruhusiwa kushona kwa kitambaa kilichotoka popote, na wawekezaji, wengi wao kutoka Asia, wakamiminika. Wafanyakazi wa EPZ, waliokuwa chini ya 10,000 mwaka 2000, walipita 30,000 kufikia 2003. Wengi walikuwa wanawake vijana.

Hapo ndipo kasoro kubwa ya mpango huu ilipoonekana. Pamoja na kodi, maeneo hayo yalikuwa yameondolewa pia chini ya Sheria ya Viwanda, ile iliyohusu usalama na afya kazini. Kwa maneno mengine, ukaguzi wa milango ya dharura, vyoo na hewa ndani ya kumbi za cherehani ulihesabiwa kuwa usumbufu ambao mwekezaji aepushwe nao. Uamuzi huo haukuwa wa bahati mbaya. Mtu aliuandika, na wakubwa wake wakaupitisha.

Rais Mwai Kibaki aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002, na nchi nzima ikajawa na matumaini. Wiki chache tu baadaye, Januari 2003, mafundi wa Athi River na Nairobi waliacha cherehani na kutoka nje. Hakuna chama kilichowaita, kwani waajiri wengi walikuwa wamekataa kabisa kukitambua chama cha mafundi wa nguo. Malalamiko yao yalikuja kukusanywa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC, katika ripoti yake ya 2004: mishahara duni, saa za ziada za kulazimishwa, ukibarua usiokwisha, matusi, na wanawake kusumbuliwa kimapenzi na wasimamizi. Polisi waliitwa, na makabiliano yakatokea. Katikati ya msukosuko huo Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, alifariki katika ajali ya ndege Busia tarehe 24 Januari.

Wapo waliopoteza kazi kwa kugoma. Hata hivyo, baadhi ya viwanda vilianza kukitambua chama, na msamaha wa Sheria ya Viwanda ukaondolewa. Marekebisho hayo yaliletwa na mafundi waliosimama langoni. Heshima hiyo ni yao, na haijaandikwa popote Athi River.

Yaliyofuata ni mafupi. Januari 2005 mgao wa kimataifa wa nguo uliondolewa, China ikatamba, na viwanda kadhaa vikafungwa. Mwaka 2012 ripoti ya ActionAid na Tax Justice Network Africa ilikadiria kuwa misamaha ya kodi ya kila aina iliinyima Kenya takriban shilingi bilioni 100 kwa mwaka. Mwaka 2015 ikaja sheria nyingine, ya maeneo maalumu ya kiuchumi, yenye kodi ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya mwanzo na 15 kwa 10 inayofuata.

Iwapo Bunge litaketi tena kugawa misamaha, lianze na mambo mawili. Kwa kila kampuni kitangazwe hadharani kiasi cha kodi iliyosamehewa kila mwaka, na pembeni yake jumla ya mishahara iliyolipa. Na leseni isihuishwe kwa mwajiri anayewazuia mafundi wake kujiunga na chama.