Masikio ya Mbwa wa Meneja

Kila Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, huketi barazani nikamweka mbwa wangu katikati ya magoti, nikamsafisha masikio. Wapitao njia hushangaa. Mkuu wa chuo cha ualimu mstaafu, mzee wa miaka sabini na kitu, Mwislamu tena, amekamata sikio la mbwa kama mtu achambuaye mchele! Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza sababu usoni, nitaieleza hapa.

Nilizaliwa katika kambi ya shamba la mkonge, mkoani Tanga. Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na inasemekana mashamba yote yale yalitokana na miche 62 tu iliyosalimika safarini. Katika miaka ya 1950, mimi nilipokuwa mtoto, shamba letu lilikuwa chini ya meneja Mwingereza. Baba hakukata mkonge. Yeye alikuwa boi wa mbwa. Meneja alikuwa na mbwa wawili wa aina ya spaniel, wenye masikio marefu yaliyoning'inia hadi chini ya taya.

Masikio ya namna hiyo ni mzigo kwa mbwa. Tundu la sikio lake halinyooki kama letu. Kwanza hushuka chini, kisha hukata kona kuelekea ndani, mithili ya kiwiko cha mkono. Sikio likiwa limefunikwa, hewa haipiti. Jasho la Tanga na maji ya kuogea hubaki mle, nta huvunda, na uchafu hauna njia ya kutokea. Baba alilijua hilo bila kusomea popote. Alipasha mafuta kidogo mpaka yakawa ya uvuguvugu, akadondosha matone machache, akalisugua shina la sikio polepole kwa vidole, kisha akamwachia mbwa ajikung'ute mwenyewe. Baadaye alifuta kwa pamba yale tu yaliyoonekana kwa macho. Hakuingiza kijiti kamwe. Alisema kijiti husukuma uchafu kwenye kona, na huko hakuna wa kuutoa.

Mbwa wetu wa kambini walikuwa na masikio yaliyosimama, na shida yao ilikuwa kupe na nzi, si uvundo. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, aliandika kwamba kila mnyama afugwaye na binadamu ana jamaa zake mahali fulani wenye masikio yaliyolegea, akadhani huenda ni kwa sababu mnyama wa nyumbani hashtuki mara kwa mara. Miaka 100 baadaye, mwaka 1959, Dmitri Belyaev alianza kule Urusi kuzalisha mbweha wapole tu, kizazi hata kizazi, na baadhi yao wakazaliwa na masikio yaliyolala. Kwa hiyo mtu hulipia upole wa mnyama wake kwa kumhudumia. Wazungu wa enzi ile waliwaita mbwa wetu "shenzi". Neno hilo hawakulitunga wao; ni sisi watu wa pwani tuliokuwa tukiwaita hivyo ndugu zetu wa bara, nao wakalichukua likiwa tayari. Lakini mwaka 1937 mbwa wa Kongo wenye masikio ya kusimama walionyeshwa London, katika maonyesho makubwa ya Crufts, kwa jina la Basenji, na watu wakajipanga kuwatazama. Ushenzi umo katika jicho la mtazamaji.

Jioni baba aliporudi hakumgusa mtu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu watu wa pwani, umajimaji wa mbwa ni najisi nzito, na mahali ulipogusa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Baba aliketi nyuma ya nyumba na kata ya maji na kifungu cha mchanga safi, akahesabu hadi saba. Watoto wa kambini walikuwa wakimhesabia kwa sauti na kucheka. Mimi nilikuwa nikijificha.

Mdogo wangu alikuwa akitoka usaha sikio la kushoto. Mama alimpeleka zahanati ya shamba mara nyingi akarudishwa na vidonge vya maumivu. Watu walimwona haitiki akiitwa, wakasema sikio la kufa halisikii dawa. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka minane, nilimuuliza baba: "Mbona mdogo wangu humfuti kama unavyowafuta mbwa?"

Hakunijibu. Kesho yake alirudi na pamba kiganjani, pamba nyeupe ya kwenye bati la mbwa. Akaosha mikono mara saba, akachemsha maji yenye chumvi, akakausha sikio la mwanawe kwa mkono ule ule mwepesi. Alifanya hivyo jioni nyingi. Usaha ulipungua na harufu ikaisha. Kisha mke wa meneja akahesabu pamba. Baba aliitwa mwizi mbele ya wenzake na kukatwa mshahara wa wiki nzima. Hakujitetea, na wala hakuacha kazi, kwa kuwa tulikuwa tunakula kwayo.

Usikivu wa sikio lile haukurudi. Shuleni mdogo wangu aliketi nyuma, akachapwa kwa ukaidi ambao haukuwa ukaidi, na darasa la nne akaacha. Mimi niliendelea, nikawa mwalimu, kisha mkufunzi, na hatimaye mkuu wa chuo. Katika miaka yangu yote chuoni niliwaambia walimu wanafunzi jambo moja kabla hawajakwenda mazoezini: mtoto asiyejibu, kabla hujaokota fimbo, mtazame masikio. Wengine walidhani ni kichekesho cha mzee. Sikuwaambia nimekipata wapi.

Mbwa nilionaye sasa ni wa ulinzi, na ulinzi ni sababu inayokubalika katika dini yangu. Masikio yake yameinama nusu. Mafuta ya baba nimeyaacha. Natumia dawa ya kusafishia masikio ya mbwa kutoka duka la dawa za mifugo, na pamba. Nikiona weusi kama machicha ya kahawa, ambao mara nyingi huwa ni utitiri, au wekundu, harufu mbaya, au mbwa akiinamisha kichwa upande mmoja, sijifanyi tabibu. Naenda kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa nampa kila mwaka.

Nikimaliza naenda nyuma ya nyumba na ndoo ya maji na mchanga. Mjukuu wangu hunihesabia hadi saba, naye pia hucheka. Juzi mdogo wangu alikuja kunitembelea, akanikuta nahesabu. Akaketi upande wangu wa kushoto, kama kawaida yake, ili sikio lake zima lielekee kwangu, akaniuliza kama pamba ya siku hizi ni nyeupe kama ile.