Zeituni na hoho nyekundu: kipi kingewaokoa mabaharia? (Chakula na historia yake, sehemu ya 4)

Watoto wamelala? Haya, tuendelee.

Tangu niandike kuhusu chungwa, swali linalonijia sana ni hili: nesi, kati ya zeituni na hoho nyekundu, kipi kina lishe zaidi kwa mtoto? Najua linatoka wapi. Kuna video zinazunguka kwenye simu zinasema zeituni inaongeza damu, inaongeza kinga, mpe mtoto kila siku. Mama anachukua hela ya mboga ya siku tatu, anaenda kununua kichupa kimoja. Na baadhi yenu mna watoto ambao kliniki wameshawaambia damu iko chini, kwa hiyo hapa hatuzungumzii mapambo ya saladi. Nitajibu kwa kupitia historia, maana tofauti ya vyakula hivi viwili ilionekana baharini kabla haijaonekana maabara.

Zeituni wengi wetu tumeijua kwenye vitabu vya dini kabla ya kuiona kwenye sahani. Ni tunda la nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, na huko wamelima miti yake kwa maelfu ya miaka. Sasa, ukiichuma mtini ukaitia mdomoni, utaitema. Ni chungu vibaya. Watu wa kale waligundua kwamba ukiiloweka, ukabadilisha maji, kisha ukaiweka kwenye maji ya chumvi kwa wiki nyingi, uchungu unatoka. Na ikishakaa kwenye chumvi haiharibiki. Mafuta yake nayo yanakaa muda mrefu bila kuoza. Kwa watu wasio na friji, hiyo ilikuwa mali kubwa, na ndiyo maana mafuta ya zeituni yalikuwa sehemu ya posho ya mabaharia wa Ureno na Uhispania, pamoja na mikate mikavu, nyama ya chumvi na divai.

Hapo ndipo mambo yanaanza kutuhusu. Vasco da Gama mnamjua, tulikaririshwa shuleni. Tulichokuwa hatuambiwi sana ni hali ya midomo ya watu wake. Waliugua kiseyeye. Fizi zinavimba mpaka zinafunika meno, zinatoka damu, miguu inavimba, vidonda vya zamani vinafunguka upya, mtu anaishiwa nguvu mpaka anakufa. Aprili 1498 walipofika Mombasa, mfalme wa pale aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mwandishi wa safari yao aliandika kwamba wagonjwa wao walipona wakiwa Mombasa, ila sifa akaipa hali ya hewa nzuri. Mimi sifa naipeleka kwenye kapu la matunda.

Wakati wa kurudi kutoka India hali ilikuwa mbaya zaidi. Walikaa baharini karibu miezi 3, kuanzia Oktoba 1498 hadi mwanzoni mwa Januari 1499, na watu 30 wakafa kwa kiseyeye njiani. Walipotia nanga Malindi tarehe 7 Januari, da Gama alituma mtu ufukweni kutafuta machungwa kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiyatamani sana. Yaani mwili ulikuwa unajua kabla ya daktari! Lakini wengi walikuwa wameshachelewa, wakafia hapo Malindi. Siku chache baadaye, karibu na Mtangata, kule Tanga, waliichoma moto meli yao mmoja, São Rafael, kwa sababu watu waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu.

Mafuta ya zeituni walikuwa nayo kwenye posho. Nguvu yalitoa, maana mafuta ni mafuta. Kiseyeye hayakugusa. Na hata wangepewa pipa zima la zeituni za chumvi isingesaidia, kwa sababu gramu 100 za zeituni nyeusi za kopo zina vitamini C isiyofika hata miligramu 1. Za kijani za kwenye maji ya chumvi ndiyo kabisa, karibu sifuri.

Mwaka 1747 daktari wa meli wa Kiskoti, James Lind, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Jeshi la majini la Uingereza likaja kuagiza maji ya limau yagawiwe kwa wote mwaka 1795. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati. Na bado hakuna aliyejua ndani ya limau kuna nini hasa.

Sasa hoho inaingia. Pilipili zote, kali na zisizo kali, asili yake ni bara la Amerika. Zilifika Ulaya baada ya safari za Columbus mwishoni mwa miaka ya 1400, na nchini Hungaria zilizoea kuliko karibu popote pengine Ulaya. Huko wanaiita paprika, na wanaitia kwenye chakula kama sisi tunavyotia nyanya. Hoho (wengine mnaiita pilipili boga) ni ya jamii hiyohiyo ya mmea.

Kulikuwa na mwanasayansi wa Kihungaria anaitwa Albert Szent-Györgyi. Mwishoni mwa miaka ya 1920, akiwa Cambridge, alipata unga mweupe kutoka kwenye tezi zinazokaa juu ya figo za ng'ombe. Hakujua ni nini. Alitaka kuupa jina la utani lenye maana ya "Mungu anajua", mhariri wa jarida akamkatalia. Aliporudi nyumbani kufundisha katika mji wa Szeged, alijiunga naye kijana kutoka Marekani, Joseph Svirbely, wakaujaribu kwa simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia. Simbilisi ni kama sisi, miili yao haiwezi kutengeneza vitamini C yenyewe. Waliopewa unga ule hawakupata kiseyeye. Kumbe ndiyo vitamini C yenyewe!

Tatizo likawa unga umeisha. Tezi ni kidogo, na kwenye maji ya chungwa au limau sukari ilikuwa inawasumbua kuitenganisha. Jioni moja, mwanzoni mwa miaka ya 1930, mkewe akamwekea mezani pilipili nyekundu za Szeged. Bwana mkubwa hakuwa na hamu nazo. Badala ya kubishana na mke akazibeba kwenda nazo maabara (wanaume!), na usiku huohuo akaona zimejaa kitu alichokuwa anakitafuta. Ndani ya wiki chache alikuwa na zaidi ya kilo 1 ya vitamini C safi, wakati mwanzo walikuwa wakihesabu gramu. Akawagawia watafiti wenzake. Mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel.

Turudi kwenye sahani. Gramu 100 za hoho nyekundu mbichi, yaani hoho moja ya wastani, zina takriban miligramu 128 za vitamini C. Ya kijani ina kama 80, si haba. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anapendekezewa miligramu 30 kwa siku na mama anayenyonyesha 70, kwa viwango vya FAO na WHO. Kwa hiyo robo ya hoho nyekundu inamtosha mtoto. Mafuta ndani yake karibu hakuna, chumvi karibu hakuna. Zeituni za kijani, kwa uzito huohuo, zina mafuta kama gramu 15 na vitamini E zaidi ya mara mbili ya hoho. Hapo zinashinda, nasema ukweli. Ila zina sodiamu zaidi ya miligramu 1,500, wakati mtu mzima anashauriwa asizidishe 2,000 kwa siku nzima. Figo za mtoto wa mwaka mmoja hazihitaji mzigo huo.

Na ile habari ya zeituni kuongeza damu? Zeituni nyeusi za kopo ni kweli zina madini ya chuma. Lakini nyingi huchumwa zikiwa bado hazijaiva, zinageuzwa rangi kiwandani, na chumvichumvi ya chuma huongezwa ili weusi usitoke. Sehemu ya chuma hicho imetoka kiwandani, haikutoka mtini. Soma maandishi ya kwenye kopo utaiona.

Sifa kubwa ya mafuta ya zeituni ilitokana na utafiti wa Ancel Keys ulioanza mwaka 1958 katika nchi 7. Wanaume wa kisiwa cha Krete walikula mafuta ya zeituni kwa wingi na vifo vya moyo vilikuwa vichache. Sina ugomvi na utafiti ule. Lakini waliopimwa walikuwa wanaume wa miaka 40 hadi 59, na chakula chao kilijaa mboga, matunda na maharage. Hakuna aliyempima mtoto wa Kinondoni mwenye kichupa cha zeituni.

Kwa hiyo ukiniuliza hela iende wapi, iende kwenye hoho, na ikikosekana nyekundu chukua ya kijani. Yenyewe haina chuma cha maana, ila vitamini C yake inausaidia mwili kukinyonya chuma kilichomo kwenye maharage na mchicha. Ikatekate ndogondogo uitie dakika za mwisho, sufuria ukiwa unaipua, kwa sababu moto mrefu unaiua vitamini C. Tia na kijiko cha mafuta, ya alizeti yanatosha, maana ile rangi nyekundu ina karotini inayogeuka vitamini A, na karotini bila mafuta hainyonywi vizuri. Chai ya rangi isikae pembeni ya mlo huo, inazuia chuma. Mpe baadaye au usimpe kabisa. Aliye chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu.

Kama zeituni mnazo nyumbani na mnazipenda, kuleni. Za mtoto zioshe kwa maji, toa kokwa, kata vipande vidogo, maana nzima inaziba koo. Na aliyeambiwa damu ya mtoto iko chini asiishie jikoni, arudi kliniki apimwe tena na amalize dawa alizoandikiwa.