Kugeuza filamu za ISO kuwa video za kuhaririwa

Kugeuza filamu za ISO ni kazi ya kutoa picha na sauti zilizomo ndani ya taswira ya diski, hasa ya DVD, na kuziweka katika faili la video ambalo programu ya uhariri inaweza kulifungua, kulikata na kuliunganisha na mengine. Kazi yote inaweza kufanywa kwa programu huria kama vile HandBrake, FFmpeg na VLC, bila malipo. Huhitajika mara nyingi kwa rekodi za harusi, mahafali na mikutano zilizotolewa kwenye DVD, ambapo kanda au mafaili ya kamera yameshafutwa na diski ndiyo nakala pekee iliyobaki.

Taswira ya diski

Faili lenye kiendelezi .iso ni nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, na kila sekta ina baiti 2048. Jina limetokana na ISO 9660, kiwango cha kimataifa cha mwaka 1988 cha kupanga mafaili kwenye CD. DVD za filamu hutumia pia mpangilio mwingine uitwao UDF, lakini jina la ISO limebaki.

Taswira ya diski si video. Ni kama sanduku lililofungwa, na video ni mojawapo ya vitu vilivyomo. Kwa hiyo kubadilisha tu jina la faili kutoka .iso kuwa .mp4, kosa linalofanywa na wengi, hakubadilishi chochote ndani yake. Programu za uhariri kama Kdenlive, Shotcut na OpenShot hukataa faili la ISO si kwa sababu limeharibika, bali kwa sababu hazikuundwa kufungua sanduku hilo.

Kwenye Windows 8 na matoleo yaliyofuata, na kwenye macOS, inatosha kubofya faili mara mbili ili lionekane kama diski iliyoingizwa. Linux nayo ina amri ya mount, na programu ya 7-Zip hulifungua kama inavyofungua faili lililobanwa. Ndani yake huonekana folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya aina tatu. Yale ya VOB yana picha, sauti na manukuu. Ya IFO yana maelezo ya mpangilio wa sura na menyu. Ya BUP ni nakala za akiba za IFO. Faili moja la VOB halizidi gigabaiti 1, ndiyo maana filamu moja hukatwa vipande kama VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea. Lile linaloishia na 0, yaani VTS_01_0.VOB, huwa ni menyu wala si mwanzo wa filamu.

VCD, ambazo nazo zilitumika kuuzia filamu za Kiswahili katika miaka ya 2000, ni jambo tofauti. Video yake ni ya MPEG-1, yenye pikseli 352 kwa 288 katika mfumo wa PAL, na imehifadhiwa kwenye sekta za aina ambayo nakala ya ISO haiibebi vizuri. Diski za namna hiyo hunakiliwa kuwa mafaili mawili, BIN na CUE.

Picha iliyomo kwenye DVD

Video ya DVD imebanwa kwa kodeki ya MPEG-2. Katika mfumo wa PAL, unaotumika Kenya na Tanzania, ukubwa wake ni pikseli 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde. Katika NTSC ya Marekani na Japani ni 720 kwa 480 na fremu 29.97. Mambo matatu ya muundo huu humsumbua mhariri asiyeyajua.

La kwanza ni kwamba si kila fremu ni picha kamili. Katika PAL, kundi la fremu hadi 15 huanza na moja iliyo kamili, na zinazofuata hueleza tu mabadiliko. Mpango huu huokoa nafasi, lakini programu ya uhariri inapotakiwa kukata katikati ya kundi hulazimika kulikokotoa lote. Kwenye kompyuta dhaifu picha hukwamakwama.

La pili ni mistari ya kupishana. Rekodi nyingi za kamera za video hugawa fremu katika nusu mbili, mistari ya witiri na ya shufwa, zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti, nusu 50 kwa sekunde. Runinga za zamani zilizionyesha kwa zamu. Kioo cha kompyuta huzionyesha pamoja, na hapo kingo za mtu anayecheza ngoma huonekana kama meno ya chanuo. Kasoro hii huondolewa kwa vichujio kama yadif na bwdif, vilivyomo katika FFmpeg na HandBrake. Ikiachwa wakati wa kubana upya, na hasa picha ikipunguzwa au kukuzwa, meno hayo huingia ndani ya picha na ni vigumu sana kuyaondoa baadaye.

La tatu ni umbo la pikseli, ambazo si za mraba. Picha ya 720 kwa 576 inapaswa kuonyeshwa kwa upana wa takriban pikseli 768 ikiwa ya 4:3, au 1024 ikiwa ya 16:9. Mhariri akilisahau hili, bwana na bibi harusi hunenepa au hukonda.

Manukuu ya DVD pia si maandishi bali ni picha ndogondogo. Ili yahaririwe lazima kwanza yasomwe na programu ya kutambua herufi. Subtitle Edit, ambayo ni huria, hufanya hivyo.

Njia za kugeuza

Njia iliyo rahisi ni HandBrake, iliyoanzishwa na Eric Petit mwaka 2003. Hufungua faili la ISO moja kwa moja, huorodhesha video zilizomo, na kutoa faili la MP4, MKV au WebM. Filamu kuu kwa kawaida ndiyo yenye muda mrefu kuliko zote. Kwa picha ya ukubwa wa DVD, kiwango cha ubora cha RF kati ya 18 na 22 kinapendekezwa. Namba ikiwa ndogo, ubora na ukubwa wa faili huongezeka. Kwa kazi ya uhariri ni muhimu pia kuchagua idadi ya fremu isiyobadilika, la sivyo sauti inaweza kupishana na midomo baada ya video kukatwa.

Hata hivyo HandBrake hubana video upya kila mara. Video ya DVD tayari imeshabanwa, na kila mbano mpya hupoteza kitu. Anayegeuza kwa HandBrake, akahariri, kisha akatoa kazi iliyokamilika, amebana mara mbili zaidi. Kwa video ya kutumwa kwenye simu hasara hiyo haionekani sana, lakini kwa rekodi pekee ya mzee aliyefariki si jambo la kupuuzwa.

FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, huweza kuhamisha picha na sauti bila kuzigusa. Vipande vya VOB huunganishwa kwa mfuatano wake kuwa faili moja, kisha hutolewa amri kama hii:

ffmpeg -fflags +genpts -i filamu.vob -map 0:v -map 0:a -c copy filamu.mkv

Neno copy ndilo linaloagiza kwamba visibanwe upya. Kazi huisha kwa dakika chache, na faili la MKV linalopatikana lina ubora uleule wa diski. Kdenlive na Shotcut hulipokea. Kompyuta ikilemewa, Kdenlive inaweza kutengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi, na kurudi kwenye faili halisi wakati wa kutoa video ya mwisho. Njia nyingine ni kugeuza kwanza kuwa kodeki ya kati kama ProRes, ambayo kila fremu yake ni kamili. Kwa picha ya PAL, ProRes 422 hutumia takriban megabiti 41 kwa sekunde, yaani zaidi ya gigabaiti 18 kwa saa moja, kwa hiyo nafasi ya diski iangaliwe mapema.

VLC, iliyotokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996, inafaa zaidi kwa kukagua ISO kabla ya kuanza kuliko kwa kugeuza filamu ndefu.

Diski zenye kufuli na sheria

Filamu nyingi za kibiashara zimefungwa kwa CSS, mfumo wa usimbaji fiche wenye ufunguo wa biti 40. Mwaka 1999 ilitokea programu ya DeCSS iliyovunja kufuli hilo. Jon Lech Johansen wa Norwei alishtakiwa kwa ajili yake na kuachiwa huru na mahakama mwaka 2003, mara ya pili baada ya rufaa. Nchini Marekani sheria ya DMCA ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli za aina hiyo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda pia kazi za filamu, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. DVD za harusi na mahafali zilizochomwa na wapiga video kwa kawaida hazina kufuli.

Kuhifadhi nakala

Diski za kuchoma nyumbani huhifadhi data katika tabaka la rangi ambalo huchakaa kwa joto, mwanga na unyevu. Diski yenye mikwaruzo hunakiliwa kwa GNU ddrescue, programu inayochukua kwanza sehemu zinazosomeka na kurudia zile ngumu baadaye, badala ya kukwama kwenye kosa la kwanza. Faili la ISO linafaa kutunzwa hata baada ya kugeuzwa, kwa kuwa menyu, sura na manukuu yote yamo humo. DVD ya tabaka moja hubeba hadi gigabaiti 4.7 na ya tabaka mbili 8.5, ilhali flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi; ni lazima ipangwe upya kwa exFAT, na hilo hufuta vilivyomo.