Daraja la Pili la 1968: Ligi Iliyolea Madereva wa Wengine

Spidwei ni mashindano ya pikipiki yanayofanyika kwenye njia fupi ya udongo yenye umbo la yai, ambamo madereva wanne hungoja nyuma ya kamba za kuanzia na, kamba hizo zinapofyatuka juu, huondoka pamoja na kuizunguka njia mara nne, wakipinda upande wa kushoto tu. Pikipiki zao hutumia methanoli badala ya petroli, zina gia moja na hazina breki, kwa hiyo dereva anayeingia kona hulazimika kuliachia gurudumu la nyuma liteleze kuelekea nje huku akiligeuza la mbele upande wa mtelezo huo, na mguu wake wa kushoto ukiburuzwa ardhini. Mchezo huu, uliostawi Australia katika miaka ya 1920, ulivutia umati mkubwa Uingereza mnamo Februari 1928, uliposhindaniwa High Beech, kando ya London, na kufikia 1929 nchi hiyo ilikuwa tayari na ligi za timu. Msimu wa 1968, ambao ndio kiini cha makala haya, ulikuwa wa kwanza kwa Daraja la Pili la Ligi ya Uingereza, chombo kilichoundwa kukuza vipaji ambavyo mara nyingi kisingeweza kuvibakiza.

Madaraja ya chini hayakuwa jambo jipya. Mwaka 1947 mchezo ulikuwa na madaraja matatu, lakini katika muongo uliofuata kodi kubwa ya burudani, iliyokatwa kwenye kila tiketi, pamoja na kuenea kwa televisheni majumbani, vilipunguza mapato kiasi kwamba viwanja vingi vilifungwa na, kufikia 1957, ligi iliyosalia ilikuwa moja tu. Mapromota wachache, yaani watu waliokodi viwanja na kuandaa mapambano kwa gharama zao, walianzisha Ligi ya Majimbo mwaka 1960 ili kuvifufua viwanja vya miji midogo. Ligi hiyo ilipokua ilizozana na bodi iliyosimamia mchezo, hasa baada ya mabingwa wake wa 1963, Wolverhampton, kukataa kupanda daraja, na msimu wa 1964 ikaendeshwa nje ya mamlaka ya bodi hiyo. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Shawcross uliandaa njia ya suluhu, na mwaka 1965 pande zote mbili ziliungana kuwa Ligi ya Uingereza yenye timu 18.

Muungano huo uliumaliza ugomvi, lakini ulizaa upungufu mwingine, kwa kuwa ligi moja ya madereva waliokwisha kukomaa haikumwachia kijana mahali pa kujifunzia kushindana wiki baada ya wiki. Jawabu lilikuwa Daraja la Pili, lililoanza 1968 likiwa na timu kumi: Belle Vue Colts, Nelson, Rayleigh, Crayford, Plymouth, Reading, Middlesbrough, Canterbury, Berwick na Weymouth. Kwa kuwa kila timu ilikutana na nyingine nyumbani na ugenini, ratiba ya ligi iliipa kila moja mapambano 18.

Pambano lilikuwa na mbio 13, na kila timu ilipanga madereva saba, wawili kwa kila mbio. Mshindi wa mbio alipata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hakupata kitu, hivyo pambano zima liligawa pointi 78 na timu iliyofikisha 40 ilikuwa na hakika ya ushindi. Hesabu hiyo ndiyo iliyoufanya mchezo wa mtu mmoja mmoja uwe wa timu, kwani dereva aliyekuwa mbele aliweza kupunguza mwendo kidogo ili amkinge mwenzake dhidi ya mpinzani, na wawili hao wakimaliza wa kwanza na wa pili walivuna pointi 5 kwa 1. Kati ya madereva hao saba, watatu walikuwa tegemeo, wawili wakawasaidia, na wawili wa mwisho walikuwa wa akiba, nafasi ambayo kwa kawaida ilishikwa na chipukizi.

Ubingwa wa msimu huo ulikwenda kwa Belle Vue Colts, kikosi cha pili cha Belle Vue Aces wa Manchester, waliokimbia katika uwanja wa Hyde Road, uliotumiwa kwa mbio hizo tangu 1929. Nelson walikuwa wa pili, na Canterbury wakatwaa Kombe la mtoano. Taji la dereva mmoja mmoja, lililoshindaniwa Hackney na madereva bora wa timu zote, lilichukuliwa na Graham Plant wa Middlesbrough. Colts waliutetea ubingwa wao mwaka 1969, lakini mwaka uliofuata timu hiyo ilihamishiwa Rochdale, na hapo ndipo alipoonekana kijana wa miaka 16, Peter Collins, ambaye mwaka 1971 alipandishwa Belle Vue na mwaka 1976 akawa bingwa wa dunia huko Chorzów, Poland.

Kupanda kwa Collins ni mfano wa utaratibu mzima, kwa maana timu za Daraja la Kwanza ziliwaazima vijana wa Daraja la Pili zilipopatwa na majeruhi, kisha zikawasajili moja kwa moja walipoiva. Timu nazo zilihama kwa namna iyo hiyo, kwa sababu bingwa hakupanda kwa haki ya kuwa bingwa, na njia ya juu mara nyingi ilikuwa kuipata leseni ya timu iliyokwisha kufunga, kama walivyofanya Reading walipoingia Daraja la Kwanza mwaka 1971 kwa leseni ya Newcastle. Matokeo yake ni kwamba msimamo wa ligi haukutosha kuonyesha nani amefanikiwa, kwani promota aliyemlea dereva hodari mwaka huu aliweza kuanza mwaka ujao bila yeye, huku watazamaji wake wakidai ushindi ule ule.

Udhaifu wa pili ulikuwa ardhi, kwa kuwa nyingi kati ya timu hizi zilikuwa wapangaji. Berwick walizunguka uwanja wa soka wa Shielfield Park, Nelson walitumia Seedhill, uwanja wa klabu iliyokuwa imetoka katika Ligi ya Soka mwaka 1931, Reading walikuwa Tilehurst pamoja na mbio za mbwa, na Canterbury walikodi Kingsmead kutoka halmashauri ya mji. Upangaji ulipunguza gharama za kuanza, na ndio uliowezesha timu kumi kujitokeza kwa mara moja, ila uliyaweka maisha ya timu mikononi mwa mwenye kiwanja. Mbio za uwanja wa Rayleigh Weir zilikoma mwaka 1973, na mwaka 1987 Canterbury waliondoka Kingsmead baada ya halmashauri kukataa kuwaongezea mkataba. Wenye nguvu nao hawakuwa salama, kwa kuwa mwaka huo huo Hyde Road, nyumbani kwa mabingwa wa 1968, uliuzwa na kufungwa.

Daraja la Pili lilibadilishwa jina mwaka 1975, na tangu hapo madaraja ya mchezo yamegawanywa, yakaunganishwa na kugawanywa tena, lakini kila waandaaji walipojaribu kubaki na ligi moja walijikuta wakirudia hoja ya 1968, kwamba dereva wa kesho lazima apate mahali pa kushindwa leo bila kupoteza kazi. Faida ya mahali hapo ilivunwa zaidi na timu kubwa, ilhali gharama yake ilibebwa na mapromota wa miji midogo pamoja na watazamaji waliolipa kiingilio kuwaona vijana ambao, wakishaiva, wangekwenda kushangiliwa kwingine.